Pikapu Kuukuu Malindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ubovu na Gharama za Kutengeneza

Majibu haya yanahusu zaidi pikapu zinazoonekana kila siku kati ya Malindi, Mambrui, Gongoni na barabara ya Sala Gate: Toyota Hilux zenye injini za 2L, 3L, 5L na zile za baadaye za 2KD na 1KD, Isuzu TFR, Nissan zenye TD27 au QD32, na Mitsubishi L200 ya 4D56. Bei zote ni makadirio ya kupangia bajeti, kwa shilingi za Kenya, kwa spea za kawaida na ufundi wa gereji za mtaani. Spea halisi ya kampuni huweza kufika mara mbili au tatu ya hapo.

Nina pikapu ya zamani yenye matatizo mengi na pesa kidogo. Nianze wapi?

Anza chini, kwenye chesisi, kabla hujafungua hata nati moja ya injini. Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa, difu hubadilishwa. Chesisi ikiliwa na kutu hadi ndani, kila shilingi uliyotia juu yake imepotea. Watu wengi wa pwani hufanya kinyume: wanafungua injini kwa laki moja na ushee, halafu miezi michache baadaye mshikio wa springi ya nyuma unang'oka na kipande cha chesisi.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi pana. Lala chini ya gari, gonga chesisi kuanzia nyuma ya kebini hadi mwisho. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilichooza kinatoa sauti butu na magamba yanaanguka. Palipotoa sauti butu, sukuma kwa bisibisi. Ikizama, hapo pana tundu ambalo rangi ilikuwa imelificha. Kagua zaidi sehemu nne: mshikio wa mbele wa springi za nyuma, upinde wa chesisi juu ya ekseli ya nyuma, mahali bodi ya mzigo inapokalia chesisi, na kiungio cha kati kinachoshika ncha za nyuma za tosheni ba, yaani fito za chuma zinazofanya kazi ya springi za mbele. Chesisi ya Hilux ni ya boksi, kwa hiyo matope na mchanga huingia ndani na kukaa humo na chumvi yake. Kutu huanzia ndani, nje ukiona rangi safi.

Kama gari limewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, au limekuwa likibeba samaki wenye barafu, usiridhike na kuchungulia. Fungua hata bodi ya mzigo ikibidi. Ni bolti sita hadi nane na watu wanne wa kuinua.

Kutu ikishaingia, inatibika? Na kupaka oili chafu kunasaidia?

Kutu ya juu juu inatibika. Osha kwa maji matamu yenye presha, pamoja na kuingiza mpira ndani ya matundu ya chesisi hadi maji yatoke masafi. Acha ikauke juani siku mbili. Kwangua kwa brashi ya waya, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, kisha praima, kisha rangi ya chesisi. Ndani ya boksi pulizia nta ya kuzuia kutu, siyo rangi, kwa sababu rangi haifiki kwenye kona. Kazi yote ni kama 6,000 hadi 15,000, ikitegemea kama bodi ya mzigo imeshushwa.

Panapotoboka panachomelewa, lakini kwa adabu yake. Fundi akate hadi afike chuma kizima, aweke bamba la milimita 4 hadi 5, na kingo za bamba ziwe za mshazari. Mstari wa weldi uliosimama wima na kukata chesisi kutoka juu hadi chini ni mahali papya pa kuvunjikia. Betri ifunguliwe nyaya zote mbili kabla ya kuchomelea, na kwenye 2KD na 1KD soketi za kompyuta zichomolewe pia. Kipande kimoja ni 4,000 hadi 10,000. Vipande vikizidi vitatu upande mmoja, tafuta chesisi nyingine yenye karatasi zake au liuze gari kwa spea.

Oili chafu inachelewesha kutu, ndiyo, lakini inaozesha bushi za mpira na mipira ya breki, inashika mchanga, na kila mvua inaacha mafuta barabarani. Undasili nyeusi nzito inayopakwa juu ya kutu ni mbaya kuliko oili: inafungia unyevu ndani na kukuficha usione.

Dawa rahisi kuliko zote ni maji matamu. Kila baada ya kubeba samaki au chumvi, au kuingia ufuoni kupakia boti, osha chini ya gari siku hiyo hiyo. Sanduku la samaki liwekewe trei na mpira wa kutolea maji nyuma ya bampa, yale maji yasichuruzikie kwenye chesisi.

Injini inachemka. Fundi wa kwanza anasema rejeta, wa pili anasema gasketi. Nimwamini nani?

Usimwamini yeyote ambaye hajapima. Kuchemka kuna mpangilio wake wa kutafutwa, kutoka kwa kitu cha bei ndogo hadi cha bei kubwa, na ukifuatwa mara nyingi tatizo linapatikana kabla ya elfu tano kuisha.

Kwanza, lini inachemka? Ikichemka mjini kwenye foleni na kutulia ukiwa mwendoni kuelekea Kilifi, tatizo ni upepo: feni. Feni za magari haya zina klachi ya mafuta mazito katikati. Injini ikiwa moto, izime, kisha zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikaze. Ikizunguka yenyewe raundi kadhaa bila kusita, klachi ya feni imekufa. 4,000 hadi 9,000. Angalia pia kama ile plastiki inayozunguka feni ipo. Mafundi huitoa kurahisisha kazi na kuisahau, na bila hiyo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya hewa ya kupitia rejeta.

Ikichemka ukiwa kasi au ukipanda na mzigo, lakini ukisimama inashuka, tatizo ni mtiririko wa maji: rejeta imeziba ndani, au mpira wa chini umelegea na kunyonywa ukabanana, au pampu ya maji imechakaa mapanga. Pampu nyingi zina tundu dogo chini ya shafti. Likianza kutoa maji au kuacha alama ya kutu, sili imekwisha. Pampu ni 3,000 hadi 7,000.

Kisha kifuniko cha rejeta. Vifuniko vingi vimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani presha kwa bar. Springi ikichoka maji yanachemka mapema na kumwagikia kwenye chupa. Ni kitu cha 500 hadi 1,200. Badilisha hata bila kupima.

Rejeta ya shaba hupelekwa kwa fundi wa rejeta ikafunguliwa na kuzibuliwa kwa vijiti, 2,500 hadi 5,000. Ya alumini yenye tangi za plastiki haizibuliwi vizuri; ikianza kuvuja kwenye maungio ya plastiki nunua nyingine, 9,000 hadi 18,000. Zile gundi za kumwaga ndani ya rejeta kuziba uvujaji huziba na visivyotakiwa kuzibwa, zikiwemo njia nyembamba za hita na hedi (kichwa cha injini).

Na maji unayotia? Maji ya visima vingi vya Malindi yana chumvi. Ukiyatia kwenye rejeta unapika chumvi kila siku na kuacha magamba ndani ya injini. Tumia maji ya mvua au ya betri, nusu kwa nusu na kulanti. Kulanti si ya baridi tu kama wanavyosema. Inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Badilisha kila miaka miwili.

Nitajuaje kama gasketi ya hedi imeungua kweli?

Washa injini ikiwa baridi kabisa asubuhi, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma dakika kadhaa, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Au funga kifuniko, washa, na baada ya dakika mbili bonyeza mpira wa juu: ukiwa mgumu wakati maji bado ni baridi, jibu ni lile lile. Dalili nyingine ni moshi mweupe usioisha na maji kupungua bila kuonekana yanakovuja, na oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ile rangi ikiwa kwenye kifuniko cha oili peke yake inaweza kuwa mvuke tu wa safari fupi. Ikiwa kwenye kijiti cha kupimia oili, ni maji.

Hedi ikishafunguliwa usikubali irudishwe siku hiyo hiyo na gasketi mpya. Kwanza ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Pili ipimwe nyufa, hasa kati ya vali mbili za silinda moja, maana hedi za 2L zinajulikana kwa kupasuka hapo. Injini hizi za L (2L, 3L na 5L) ni dizeli zenye vyumba vya moto ndani ya hedi, na vali ziko karibu mno na pistoni; haziruhusu kukwanguliwa mashineni mara nyingi kama hedi za petroli. Gasketi zenyewe za injini za L huja kwa unene tofauti, na unene huchaguliwa kwa kupima pistoni imetokeza kiasi gani juu ya bloku. Duka likikupa "yoyote tu, zote sawa", rudi na ile ya zamani ulinganishe alama.

Gharama: gasketi seti 4,000 hadi 8,000, kusawazisha hedi 2,500 hadi 4,500, ufundi 6,000 hadi 12,000, na oili na kulanti mpya juu yake. Hedi mpya tupu ni 35,000 hadi 65,000. Kazi za mashine aghalabu huenda Mombasa, kilomita kama 120, kwa hiyo hesabu na nauli ya mzigo na siku mbili tatu za gari kulala.

Gari likichemka njiani, zima, fungua boneti, subiri si chini ya nusu saa kabla ya kugusa kifuniko. Kumwagia hedi maji baridi ya dumu ndiko kunakoipasua.

Fundi ametoa thamostati akasema huku kwetu joto haihitajiki. Ni sawa?

La. Bila thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yapate moto, injini huchelewa kupata joto lake la kazi, hula dizeli zaidi, na silinda huisha upesi. Kwenye baadhi ya injini, pamoja na za L, thamostati inapofunguka huwa pia inafunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari lako linachemka kwa kitu ulichotoa ili lisichemke. Mpya ni 800 hadi 2,000. Ijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto kabla ya kuifunga: ile yenye alama ya 82 ianze kufunguka karibu na nyuzi 82.

Asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Plagi za joto zimekufa?

Pengine. Lakini Malindi hakuna baridi ya Limuru, na mara nyingi kosa ni hewa kwenye dizeli. Gari limelala, dizeli imerudi tangini kupitia mpira uliopasuka au klipu iliyolegea, na asubuhi pampu inavuta hewa.

Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa laini, na inakaza baada ya kubonyeza mara nyingi, na gari linawaka hapo hapo, ni hewa. Badilisha mipira yote midogo, ile ya kurudisha dizeli kutoka kwenye nozeli (vipulizia dizeli) ikiwemo, na klipu zake. Kazi nzima haifiki 2,000. Ukitaka kuona kwa macho, funga kipande cha mpira mweupe unaoonyesha kati ya filta na pampu: mapovu yatapita mbele yako.

Pampu ikiwa ngumu na gari bado haliwaki, pima plagi za joto, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha. Chomoa bamba linaloziunganisha, pima kila moja kwa mita ya ohm kati ya ncha na bodi ya injini. Nzima inasoma chini ya ohm 2. Isiyosoma kitu imekatika. Moja ni 600 hadi 1,500. Badilisha zote nne, na uangalie kama ni za volti ulizokuwa nazo, kwa sababu Toyota ilitumia plagi za volti tofauti kwenye injini zinazofanana.

Plagi nzima, dizeli ipo, stata inazunguka kwa nguvu, na bado? Hapo ni kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Ipimwe kabla ya kununua chochote kingine.

Moshi wa rangi tofauti unaashiria nini?

Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa: filta ya hewa imejaa vumbi la Marafa, nozeli zinamwaga badala ya kupuliza, au mtu ameongeza skrubu ya pampu apate nguvu. Filta ni 800 hadi 2,000. Ncha za nozeli za kizamani ni 1,200 hadi 2,500 kila moja, na kuzipima na kuzirekebisha presha 500 hadi 1,000 kila moja. Wa bluu ni oili: ringi za pistoni, sili za vali au turbo. Wa bluu asubuhi kwa dakika moja kisha unaisha, ni sili za vali, na gari linaweza kuendelea miaka. Wa bluu ukiwa na mzigo, huku kifuniko cha oili kikirushwa na pumzi ya injini, ni ringi. Mweupe unaonuka dizeli na kuwasha macho ni dizeli isiyoungua, yaani plagi, taimingi ya pampu au kompresheni. Mweupe usio na harufu hiyo, maji yakipungua, rudi kwenye swali la gasketi.

Taimingi belti ibadilishwe lini? Gari langu halionyeshi kilomita sawasawa.

Belti hii ndiyo inayoendesha vali sambamba na pistoni. Kama hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe sasa. Kwa injini za L kiwango ni kilomita 100,000, na Hilux nyingi zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka zikifika. Taa hiyo huzimwa kwa mkono baada ya kazi, kwa hiyo kuzimika kwake hakuthibitishi belti ni mpya. Belti ikikatika, vali zinagonga pistoni, na kazi ya 8,000 inageuka ya 60,000.

Badilisha pamoja na beringi yake ya kukaza na sili za oili za kamshafti na krankishafti. Oili inayovuja juu ya belti mpya inaiua ndani ya mwaka. Belti na beringi ni 4,000 hadi 8,000, ufundi 2,500 hadi 4,000. Kabla ya kuwasha, fundi azungushe injini kwa spana raundi mbili kamili na alama zirudi mahali pake. Asiyefanya hivyo mwambie afanye, hata akinuna.

Wenye 4D56 mnazo belti mbili. Ile ndogo ya shafti za kusawazisha mtikisiko ndiyo inayokatika kwanza, na vipande vyake huingia kwenye belti kubwa. Zibadilishwe zote kwa pamoja. TD27 na QD32 zinatumia giya badala ya belti. Hamna hadithi hiyo.

Hilux yangu ni 2KD. Kwa nini kila fundi anaogopa kuigusa?

Kwa sababu ni komoni reli, yaani nozeli zote zinalishwa na bomba moja lenye presha kubwa. Presha kwenye mabomba ya nozeli inazidi bar 1,000, na dizeli ikichomoza kwa presha hiyo hupenya ngozi. Kamwe usilegeze nati ya bomba injini ikiwa inaunguruma, kama ilivyozoeleka kwenye 3L.

Maradhi yake makuu ni matatu. La kwanza ni nozeli kuharibiwa na dizeli chafu; filta ibadilishwe kila kilomita 10,000 na maji yamwagwe chini ya filta kila mwezi. Nozeli iliyofanyiwa ukarabati ni 12,000 hadi 25,000, na zipo nne. Msinunue dizeli ya madumu kando ya barabara kwa gari hili. Akiba ya shilingi kumi kwa lita haitalipa nozeli moja. La pili ni vali ya kudhibiti dizeli iliyo kwenye pampu: sailensa (mlio wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, gari linazima ukiachia mafuta. Vali hiyo ni 8,000 hadi 20,000. La tatu, hasa kwa 1KD, ni sili za shaba chini ya nozeli. Zikivuja, masizi ya moto yanaingia kwenye oili na kuwa lami, lami inaziba chujio la oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini inakosa oili huku kijiti kikionyesha imejaa. Dalili yake ni taa ya oili kuchelewa kuzima unapowasha, na mlio wa tsh-tsh-tsh juu ya injini. Ukinunua 1KD ya zamani, shusha sampu uone chujio kabla ya kuanza safari ndefu. Ni kazi ya nusu siku na gasketi ya kupaka.

Klachi inateleza au giya haziingii. Lazima giaboksi ishushwe?

Tenganisha mambo mawili. Giya kutokuingia au kukwaruza mara nyingi ni mafuta ya klachi: silinda ya juu karibu na pedali, au ile ndogo kwenye giaboksi, imechoka sili. Vuta mpira wa ile ndogo. Ukiona majimaji ndani, umepata. 1,500 hadi 4,000, na giaboksi inabaki mahali pake.

Kuteleza ni kingine. Tembea kilomita 40 kwa saa, tia giya ya nne, kanyaga mafuta hadi chini. Mlio ukipanda na mwendo haupandi, sahani imekwisha. Hapo shusha, na ubadilishe sahani, kava na beringi ya klachi kwa pamoja, pamoja na ile beringi ndogo katikati ya flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini). Seti ni 9,000 hadi 18,000, ufundi 3,500 hadi 6,000, kusawazisha flaiwili 1,500 hadi 2,500. Wakati giaboksi iko chini, tazama sili ya nyuma ya krankishafti. Ni ya mia kadhaa hadi 1,500. Ukiiacha ikivuja, utashusha giaboksi tena kuokoa klachi mpya iliyolowa oili.

Nabeba mawe ya ujenzi na mchanga wa Sabaki. Nikiongeza majani ya springi gari litabeba zaidi?

Litasimama juu zaidi, si kubeba zaidi. Ekseli, beringi, breki na chesisi vimebaki vile vile vya pikapu ya tani moja hivi. Dabo kebini ndizo zinazoumia kwanza: chesisi inapinda nyuma ya kebini, na utaona nafasi kati ya kebini na bodi ya mzigo imepanuka juu na kubana chini.

Kuna jambo wengi hawalijui. Hilux nyingi zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti cha chuma. Gari likishuka kwa mzigo, kijiti kinasukuma vali nayo inaongeza breki za nyuma. Ukiinua springi, vali inadhani gari ni tupu hata likiwa na mawe, na breki za nyuma zinapewa nguvu kidogo. Kijiti kirekebishwe urefu kila springi zinapoguswa. Jani moja ni 2,000 hadi 4,500. Bushi za springi zote za nyuma na pini zake 3,000 hadi 6,000.

Breki zinazama.

Kama zinakaza ukipiga mara mbili, ni breki za nyuma zimeachana na ngoma, zirekebishwe. Kama zinazama polepole ukiwa umekanyaga, silinda kuu inavuja ndani, 3,500 hadi 9,000. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na pwani unyevu haukosi: yabadilishwe yote kila miaka miwili, DOT 3 au DOT 4. Pedi za mbele 2,000 hadi 4,500.

Nimepita kwenye maji ya mafuriko njia ya Garsen. Nikague nini?

Mto Tana ukifurika, kipande cha Lango la Simba kwenye barabara ya Lamu hufunikwa na maji, na wapo wanaojaribu bahati. Gari likizima ndani ya maji, usiwashe tena. Maji yakishaingia silinda hayabanwi, kinachopinda ni fimbo ya pistoni. Livutwe nje, nozeli au plagi za joto zitolewe, na injini izungushwe maji yatoke.

Hata kama halikuzima, fungua nati ya chini ya difu kesho yake. Difu moto ikiingia maji baridi hunyonya kupitia bomba lake la kupumulia, na oili ikitoka na weupe, imwage yote utie oili mpya ya difu ya GL-5, lita 2 hadi 3 hivi kutegemea gari. Grisi ya beringi za magurudumu ya mbele ibadilishwe pia, 1,500 hadi 3,000 kwa ufundi na grisi. Difu iliyokufa kwa kunyimwa kazi hii ndogo ni 25,000 hadi 50,000 ya mtumba.

Betri mpya, stata mpya, lakini bado inazunguka kwa uvivu.

Ethi, yaani waya wa upande hasi wa betri. Chumvi inakula nyaya za ethi kati ya betri, bodi na injini. Weka mita ya volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya ni mbovu. Waya mpya mnene ni 500 hadi 1,200. Kwangua mahali pa kufungia hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Gari likiwaka, alterneta itoe kati ya volti 13.8 na 14.4.

Spea gani ninunue za mtumba?

Za mtumba kutoka Japani mara nyingi ni bora kuliko mpya za bei ya chini: giaboksi, difu, alterneta, stata, milango, stelingi boksi. Hedi ya mtumba nunua kwa sharti la kupimwa nyufa kwanza na kurudishwa ikikataa. Usinunue kamwe mtumba wa belti, mpira wa breki, sili, beringi wala boli jointi.

Injini ifunguliwe au ninunue nyingine?

Kama kompresheni imeshuka silinda moja na nyingine ziko sawa, ifungue. Kama oili ina presha ndogo, silinda zote zimechoka na krankishafti inagonga, kufungua 3L sawasawa kutakula 90,000 hadi 160,000, na injini ya mtumba huwa 120,000 hadi 220,000. Tofauti ni ndogo, lakini ya mtumba unanunua historia usiyoijua. Sikiliza ikiwaka baridi, na usilipe yote hadi ipimwe kompresheni. Ukibadilisha injini, namba mpya iingizwe kwenye rekodi za NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) na ukaguzi ufanyike, la sivyo utakwama siku ya kuuza au ukaguzi wa mwaka wa magari ya biashara. Muuzaji akupe risiti yenye namba ya injini iliyoandikwa, si "injini moja ya Toyota".